Jiwe Lisilo na Ndani wala Nje

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeweka moto chini ya milima na baridi juu ya mapaa ya Birmingham, akanipa umri wa kuvionja vyote viwili. Sifa zote ni Zake, Yeye ambaye hata jiwe lililozikwa gizani halimpotei. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake.

Wenzangu wa rika langu, nyinyi ambao kama mimi mmezeekea mbali na mlikozaliwa, mtanielewa nikisema kwamba kitu kidogo kikiwekwa juu ya meza kinaweza kukurudisha nyuma maisha mazima. Kwangu mimi kilikuwa jiwe, na aliyeliweka mezani ni mjukuu wangu Salma.

Nilikuwa jikoni, nyumbani kwa mwanangu huku Balsall Heath, nachambua dengu kwenye sinia. Dirisha limefungwa, joto la nyumba limewashwa, na kutoka mikahawa ya barabarani ilikuja ile harufu ya vitunguu na bizari ambayo huku haituachi hata tukilala. Salma akaingia na viatu vyenye matope, jambo alilokatazwa na kila mtu mzima wa nyumba hii. Shule iliwatembeza kando ya mfereji upande wa Winson Green, akaokota kitu na kukitia mkobani.

"Bibi, look! Hii ni ya volcano. Mwalimu alituambia kuna jiwe ni black, linashine kama glasi. Hili ni black na linashine. Kesho nampelekea."

Salma husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Akifurahi sana, au akitaka kitu, huchanganya. Siku hiyo alichanganya.

Nililichukua mkononi. Miwani yangu ilikuwa chumbani na sikuihitaji.

"Silo," nikamwambia.

"Hujaliangalia!"

"Nimelishika."

Nikamwonyesha. Lilikuwa zito kuliko ukubwa wake. Upande mmoja ulikuwa na kutu ya rangi ya chai, na kidole kilipopita juu yake kiliingia kwenye vishimo vidogo vingi, kama vya mkate, pale hewa ilipokuwa ikitoka lilipokuwa likichemka. Tukaliinua dirishani, na pale lilipovunjika likaonyesha rangi ya kijani iliyochafuka, kama maji ya huo mfereji lilikotoka. Mji huu uliyeyusha chuma miaka mingi sana kabla yetu, na takataka za tanuri zilimwagwa kila mahali.

"Hili ni mavi ya chuma," nikasema.

Salma alishika meza. "Bibi! Umesema mavi!"

"Ndilo jina lake. Chuma kikiyeyushwa, uchafu wake huitwa hivyo."

"So nimebeba mavi kwenye bag yangu all day?" Alicheka mpaka akakaa chini na matope yake yote. Kisha kicheko kikaisha, uso ukaanguka, maana kesho yake na mwalimu ilikuwa imeharibika. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeporwa, "Nani alikufundisha wewe?"

Nikatazama kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia. Kina kovu jeupe, jembamba kama uzi, na tangu utotoni nimekuwa nikiliona kila ninapokaa kwenye atahiyatu ya sala na kukiinua. Nikamwambia avue viatu, anawe mikono, akae.

Nilikulia Gilgil, mji mdogo wa reli katika Bonde la Ufa, kati ya Naivasha na Nakuru. Waislamu hatukuwa wengi. Tulikuwa na msikiti wa mabati, madrasa ya chumba kimoja nyuma yake, na nyumba chache zilizojuana mpaka mapishi. Upepo wa kule ulileta vumbi, na mchana wa jua vumbi hilo lilikuwa na harufu ya chungu kipya kilichotoka motoni. Nikisikia harufu hiyo leo, hata ikiwa ni ya matofali tu yanayokatwa na mafundi barabarani huku, moyo wangu hugeuka.

Nililala chumba kimoja na bibi yangu, Bi Hadija, mama yake baba. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na mimi nilimwita Bibi. Alikuwa mwanamke wa maneno makali na mikono laini. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, akanijua kwa nyayo zangu. Alikuwa na sanduku la bati, na ndani yake nguo nyeupe alizozishona mwenyewe wakati macho yakimtii, zimefukizwa udi. Zilikuwa nguo za hija. Kila nilipofungua sanduku kumtolea kitu, harufu ile ilitoka kwanza, na Bibi alinyamaza kidogo kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Mwaka ukafika. Watu wa mji wetu waliokuwa wakienda walijiandaa kupanda treni hadi Mombasa, na kule wapande meli ya Jidda, na Bibi alikuwa mmoja wao. Siku chache kabla ya safari akashikwa na homa ya mapafu. Daktari akasema hasafiri, akasema hivyo kwa namna ambayo baba hakuuliza mara ya pili.

Bibi aliomba apelekwe stesheni hata hivyo. Wakambeba kwenye kiti. Nakumbuka blanketi la kijivu, mvuke wa treni, na wanawake wenzake wakiinama mmoja mmoja madirishani kumpa mkono. Kila mmoja alimwambia, "Utakwenda mwakani, inshallah." Na yeye kila mmoja alimwambia, "Nifikishieni salamu." Treni ilipoondoka alilia bila sauti. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akilia. Nilidhani machozi ni kitu kinachokwisha mtu akikua, kama meno ya utoto.

Tangu siku hiyo aligeukia ukuta. Kifua kilipona, daktari mwenyewe alisema kimepona, lakini Bibi hakurudi. Shangazi yangu Mwanajuma, dada yake baba, alimletea uji naye akasema ameshiba. Akamletea supu, ameshiba. Alisali kwa kulala, na akimaliza alinyamaza. Niliwasikia watu wazima uani, baba akisema kwa sauti ya chini, "Anajimaliza, Mwanajuma. Mama anajimaliza." Nilielewa neno hilo vizuri sana. Bibi alikuwa akiisha, kama sabuni, na hakuna aliyejua la kufanya.

Ila mimi nilijua.

Wiki ile ile ustadh wetu alikuwa ametusomesha habari za hija. Akatueleza Jiwe Jeusi lililo katika kona ya Al-Kaaba, kwamba lilishuka kutoka Peponi likiwa jeupe kuliko maziwa, na madhambi ya wanadamu ndiyo yaliyolifanya jeusi. Nililichukua somo hilo nikaondoka nalo kama mtoto anavyoondoka na kipande cha muwa, akitafuna njia nzima. Maana mimi nilikuwa nimekwisha kuliona jiwe la namna hiyo. Nje ya mji, pale walipokata kilima kupitisha reli, kulikuwa na mawe meusi yanayong'aa, na ukiyainua juani, ukingo wake mwembamba hauwi mweusi tena. Unakuwa mwepesi, wa rangi ya moshi, mwanga unapita. Sasa niambieni, mtoto wa akili timamu angefikiri nini? Lilikuwa jeupe, likafanywa jeusi, na pale ukingoni weupe wake wa Peponi bado umebaki. Bibi alilia kwa sababu treni haikumpeleka kwenye Jiwe. Basi aletewe.

Nilikwenda mchana, baada ya madrasa, na nilikuwa mwangalifu kuliko mtu yeyote aliyepata kwenda kutafuta jiwe. Sikutaka kumletea Bibi jiwe la uongo. La kwanza lilikuwa jeusi lakini limefifia, zito, linakwaruza kiganja kama ukoko wa mkate, nikaliacha. La pili lilijaa matundu, na matunduni mlikuwa na sisimizi, na mimi niliona Jiwe la Peponi haliwezi kupangishwa sisimizi. Nikaona lingine linang'aa kweli kweli, nikalishika, likawa jepesi na vuguvugu, na viganja vyangu vikawa vyeusi; kumbe kaa la mawe lililoanguka kutoka kwenye behewa. Kisha nikaokota kipande kilichong'aa zaidi ya vyote, nikakiinua juani, kikawa rangi ya hudhurungi kama chai ya rangi. Kitako cha chupa. Abiria walikunywa pombe zao na kuzitupa madirishani. Nilikitupa kama kimeniuma, nikasugua mikono kwa mchanga, nikasema astaghfirullah mpaka pumzi ikaisha.

Ndipo nikaliona lenyewe. Nilipolivuta kutoka udongoni likanikata hapa, kwenye kidole cha shahada, kwa ukali ambao sikuusikia mpaka nilipoona damu ikidondoka juu ya lile vumbi. Nililia kidogo, kisha nikaacha, kwa sababu jambo lilinijia wazi: jiwe hili huchukua madhambi, na sasa limeanza na yangu. Nikafurahi. Nikaliosha mferejini, nikalifunga ndani ya mtandio, nikarudi nyumbani kwa mwendo wa mtu anayebeba maziwa.

Bibi alikuwa amelala, mgongo mlangoni. Mswala wake ulikuwa umetandikwa kando ya kitanda. Nililiweka jiwe juu yake, mahali pa kusujudu, na hapo hapo Shangazi akaingia na bakuli.

"Ya Rabbi! Chupa ya pombe kwenye mswala wa mama!"

"Si chupa, Shangazi."

"Si chupa, ni nini? Haluwa? Hii mitoto ya siku hizi, inaokota najisi za walevi inatuletea ndani! Ondoa! Na wewe ukaoge!"

"Ni Jiwe la Peponi."

Mkono wa Shangazi ulikuwa juu, tayari kwa kofi, ukabaki huko huko.

Na kutoka ukutani ikaja sauti tuliyokuwa hatujaisikia siku nyingi, kavu kama mlango usiofunguliwa. "Mwanajuma. Mtoto amesema nini?"

"Anasema upuuzi, mama. Wewe lala."

"Nimelala vya kutosha. Nipe nishike."

Akageuka. Shangazi akampa kwa ncha za vidole, huku akilalamika kwamba linang'aa hivi, ni chupa tu, walevi wa stesheni ndio hao. Bibi akamwambia anyamaze asikie. Nilishangaa, maana alikuwa anasikiliza kwa vidole. Alilizungusha polepole. Akalisugua kwa kidole gumba, akaliweka shavuni, akalipima kwenye kiganja kama mtu anayepima yai.

"Chupa ina ndani na nje, Mwanajuma," akasema. "Ina upande uliogusa kinywaji na upande ulioshikwa na mlevi. Hili halina ndani wala nje. Limejaa lenyewe."

Kisha akanishika mkono, akauongoza. "Pita hapa. Unasikia mikunjo? Kama maji ya karai ukidondosha tone. Jiwe la kawaida likivunjika linakuwa na chembe chembe. Hili halina chembe hata moja. Shika huku. Hili ni ganda lake la nje, kijivu, limechakaa. Chupa haina ganda. Sasa linganisha unene. Chupa ni unene mmoja kote. Hili linaanza kama ngumi linaishia kama ukucha. Na baridi yake usiisahau. Kaa lina joto, hili lina baridi." Akalirudisha mikononi mwake. "Ni mali ya mlima. Mlima ulitapika moto, moto ukapoa ghafla ukawa kioo. Mamangu alikuwa akikatia ngozi kwa vipande vyake. Mwanajuma, najisi iko wapi hapa?"

Shangazi aliweka bakuli chini.

"Haya, mke mwenzangu. Jiwe la Peponi umelitoa wapi?"

"Kwenye reli."

"Na limefikaje kwenye reli ya Gilgil? Lilikata tikiti?"

Shangazi akaguna, akaziba mdomo. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilimweleza Bibi hoja yangu yote: jeusi, ukingo mweupe, madhambi, ustadh alivyosema. Nikamweleza nilivyoyakataa mengine. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akauliza, "Na kwa nini umeniletea mimi?"

"Kwa sababu ulilia stesheni. Treni ilikuacha, basi nimelileta. Libusu, Bibi. Kisha ule."

Nilimtazama usoni, na hata leo naweza kuuona uso ule. Nilikuwa nimemwekea mbele yake kitu alichokililia, au nilichoamini ndicho, na nilingoja. Kama angelibusu ili kunifurahisha, ningeishi na uongo wake. Kama angelitupa, sijui ningeishi na nini.

Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliliweka dirishani, taratibu, kama kitu cha thamani. Akanivuta, na vidole vyake vikakutana na damu iliyoanza kukauka.

"Na hii?"

"Limenikata. Dhambi zimetoka."

"Zilikuwa nyingi?"

"Hapana. Zimeishia kwenye kidole."

Hapo ndipo Bibi alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, Shangazi akamshika mgongo, naye Shangazi anacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akakichukua kidole changu, kichafu vile kilivyokuwa, akakibusu.

"Hiki nitakibusu," akasema. "Lile jiwe siwezi, mwanangu, nitakuwa nimekudanganya. La Makka lenyewe ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi. Tunalibusu kwa sababu Mtume alilibusu, basi. Anayeabudiwa ni Mwenye Nyumba, na Yeye hakupanda treni akaniacha." Akageuza uso dirishani. Aliposema tena, hakuwa akisema nami. "Siku zote hizi nimelililia jiwe. Subhanallah. Nimelililia jiwe, na Mwenyewe nimempa mgongo."

Akaomba maji ya udhu. Akasali ameketi, si kwa kulala. Kisha akageukia lile bakuli na kusema uji umepoa, na kwamba Mwanajuma tangu azaliwe hajui kiasi cha sukari. Baba aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake anagombana na dada yake kuhusu sukari. Alisimama mlangoni, akafunika uso kwa kofia yake.

Bibi aliishi miaka mingine mizuri baada ya hapo. Kifua hakikumruhusu kusafiri tena, naye hakulalamika tena. Jiwe lilibaki dirishani. Kila mgeni aliyesema, "Mbona mna chupa hapa?" alikalishwa chini na kufundishwa kwa vidole, na mimi ndiye niliyefundisha.

Hayo nilimsimulia Salma, na dengu zilibaki hazijachambuliwa. Alikuwa ameinamia meza, kidevu kwenye mikono, na mavi yake ya chuma mbele ya pua.

"So hakwenda?" akauliza.

"Hakwenda. Mungu alimchukua nikiwa msichana."

"Na hakuna mtu alienda for her?"

"Babu yako mkubwa, baba yangu, alitamani. Hakujaliwa."

"Lakini wewe ulishaenda ya kwako. Na Babu, before he died." Aliinua kichwa. "Kwa hiyo wewe unaweza."

Nimesoma dini tangu utotoni na nimeifundisha kwa miaka mingi. Najua kwamba aliyekwisha kujihijia anaweza kumhijia maiti wake. Elimu hiyo ilikuwa kwangu siku zote, na Mwenyezi Mungu akachagua siku hiyo, jiko hilo na mtoto huyo mwenye matope kuiwasha. Mwanangu aliporudi jioni, Salma ndiye aliyemwambia, kabla hajavua koti. Mwanangu alinitazama, kisha akasema, "Sawa, mama. Tutaenda." Alhamdulillahi, tukaenda.

Nilinuia kwa jina lake: Hadija binti Omari. Umati ulikuwa kama mto, na mimi mwanamke wa miaka yangu sikuweza kulikaribia Jiwe. Mwanangu alinikinga kwa mikono miwili na hata hivyo tulisukumwa mbali. Sikuhuzunika hata kidogo. Asiyelifikia huliashiria kwa mkono, na hiyo ni sunna kamili, haina upungufu. Tulipofika usawa wa kona nikainua mkono wa kulia. Mkono wa nguo ukateleza chini, na juu ya vichwa vya watu wote wale nikakiona kidole changu cha shahada na uzi wake mweupe. Nikasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," na sauti yangu ilikuwa imara. Kidole alichokibusu Bibi ndicho kilichompelekea salamu.

Niliporudi Birmingham, Salma alinipokea mlangoni. Alikwisha kumpelekea mwalimu lile jiwe lake, na kumweleza mbele ya darasa zima jina lake la Kiswahili na maana yake, na inasemekana walicheka mpaka kengele. Alitaka kujua moja tu, akaningojea mpaka nikaingia jikoni kukata vitunguu.

"Ulilishika? Lilikuwa na mikunjo?"

"Sikulifikia. Niliinua mkono tu, hivi."

Alikishika kidole changu, akakitazama kwa makini kama anakipima, akakibusu.

"Kinanuka kitunguu," akasema, akakimbilia juu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe macho ya kutambua kilicho chenyewe na kinachofanana nacho, na mikono ya upole wa kumwonyesha asiyejua. Treni iliyokuacha, Mola akufikishe kwa njia Yake. Na waliokutangulia nawe unawapenda, akuinulie mtu wa kuwafikishia salamu. Amin.